Philip Boit, Mkenya aliyerudi kwenye theluji

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, picha moja hurudi magazetini. Mkenya mwembamba, mbao ndefu miguuni na fimbo mbili mikononi, anavuka mstari wa mwisho akiwa hoi, na Mnorwei aliyemaliza zamani anamsubiri palepale ili amkumbatie. Ilikuwa tarehe 12 Februari 1998, huko Hakuba kwenye milima ya Japani, katika Olimpiki ya Nagano. Mkenya ni Philip Kimely Boit. Mnorwei ni Bjørn Dæhlie, mtu aliyeogopwa kuliko wote katika mbio za skii za masafa.

Picha hiyo imesifiwa sana, na inastahili sifa. Ila imekaa machoni pa watu hata ikaziba yote yaliyofuata. Wengi wanaamini kwamba Boit alikwenda Japani, akashika mkia, akakumbatiwa, akarudi kwao kulima. Alirudi Olimpiki mwaka 2002. Akarudi tena mwaka 2006. Miaka hiyo kamera zilikuwa zimegeukia kwingine, na kwangu mimi hapo ndipo maisha yake ya michezo yanapopata uzito.

Boit alizaliwa tarehe 12 Desemba 1971 upande wa Eldoret, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa ambako hewa ni nyepesi na watoto huzaliwa wakikuta mbio zimewatangulia. Ukoo wake ulikuwa na jina tayari. Mike Boit alileta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, akatwaa dhahabu ya masafa hayohayo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, na katikati ya hapo akakosa Olimpiki ya Montreal kwa sababu Afrika iliisusia. Philip naye alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Alikuwa mzuri, lakini kuwa mzuri wa mita 800 katika Kenya ya miaka ya tisini ni kusimama kwenye foleni ndefu sana. Nchi ina nafasi tatu tu za kupeleka watu kwenye mashindano makubwa, na wanaozitaka ni wengi, kila mmoja na kasi yake.

Ndipo kampuni ya Nike ilipokuja na wazo lake. Hoja yenyewe ilikuwa hivi: mbio za skii za masafa zinamtaka mtu mwenye moyo mkubwa na mapafu yasiyochoka, na hakuna mahali duniani penye watu wa namna hiyo wengi kama Bonde la Ufa. Wachukue wakimbiaji wawili, wapeleke kwenye theluji, uone. Waliochaguliwa walikuwa Boit na mwenzake Henry Bitok. Mwanzoni mwa mwaka 1996 wakapelekwa Ufini, wakati ambao nchi hiyo inalala chini ya theluji na jua likichomoza linaonekana kwa saa chache tu. Hawakuwahi kukanyaga theluji kabla ya hapo.

Walikuwepo waliosema tangu siku ya kwanza kwamba hayo ni matangazo ya biashara, na kwamba Waafrika wawili walikuwa wanapelekwa kwenye baridi ili kuuza viatu. Siwezi kusema walikosea. Kampuni ilijua vizuri thamani ya picha ya Mkenya juu ya skii. Lakini mtu anaweza kualikwa kwa sababu za wengine, kisha akabaki kwa sababu zake mwenyewe. Katika habari ya Boit mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno, na wanaomwona kama kichekesho cha kampuni hawajajisumbua kutazama alichofanya kampuni ilipokwisha kuondoka.

Hapa msomaji ambaye hajawahi kuona mchezo huu inafaa aelezwe ugumu wake, maana mtu akiutazama kwenye televisheni anadhani ni kuteleza tu. Kila mguu umefungwa kwenye ubao mwembamba mrefu kuliko mwanadamu mwenyewe. Kisigino hakijafungwa, ni ncha ya kiatu peke yake iliyoshikwa. Katika mtindo wa kale, ambao ndio Boit alishindana nao Nagano, unapita katika mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji, mguu mmoja huku na mwingine huku, unasukuma na kuteleza, unasukuma na kuteleza. Chini ya ubao hupakwa nta. Katikati, chini ya kiatu, inapakwa nta inayoshika theluji ili uweze kupanda mlima bila kurudi nyuma. Mbele na nyuma inapakwa ile ya kuteleza. Theluji ikiwa kavu nta ni hii, ikilowa ni nyingine, na nchi kubwa za mchezo huu zina mafundi ambao kazi yao ni kuchagua nta tu. Ukikosea, ubao hauendi, au theluji inaugandia chini na wewe unatembea nayo kama mtu aliyekanyaga tope la mfinyanzi.

Kisha kuna mikono. Mkimbiaji wa mita 800 ana miguu na mapafu, ila mabega yake ni mepesi kwa makusudi. Mwanaskii husukuma dunia kwa fimbo zake kwa mgongo, tumbo na mikono, kilomita baada ya kilomita. Na zaidi ya yote kuna mizani: kushuka mteremko kwa kasi ukiwa umesimama juu ya vitu viwili visivyo na breki. Mtoto wa Norwei hujifunza hayo kabla hajajua kusoma. Boit alianza akiwa na miaka 24. Hesabu ya waliobuni mradi ilikuwa na kasoro hapo, kwa sababu walihesabu moyo na mapafu wakasahau utoto.

Miaka miwili baada ya kuiona theluji kwa mara ya kwanza, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki, akiwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya majira ya baridi. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Theluji imelowa, nzito, ya kushika mbao. Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24.5, mbele ya Markus Gandler wa Austria na Mika Myllylä wa Ufini. Hiyo ilikuwa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki, na kabla ya Michezo kwisha akaongeza mbili nyingine, ya mbio za kupokezana na ya kilomita 50. Alistaafu akiwa na dhahabu nane na fedha nne kutoka Olimpiki tatu. Ni bingwa wa aina ambayo kila nchi humpata mara moja, ikibahatika.

Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25.5. Alikuwa wa 92, na wa 92 ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alianguka njiani, akainuka, akaanguka, akainuka. Ukitoa muda wa mmoja kwenye muda wa mwingine, tofauti ni dakika 20 na sekunde moja. Waandaaji walitaka kuwapa washindi tuzo zao. Dæhlie hakutaka kuondoka. Alikaa kwenye baridi hiyo, amelowa jasho, jambo ambalo mwanamichezo yeyote anajua ni hatari kwa misuli, mpaka Mkenya alipotokea kwenye kona ya mwisho huku watu wakimshangilia. Akamkumbatia. Mwaka huohuo Boit alipata mtoto wa kiume, akamwita Daehlie.

Napenda sana kitendo cha Dæhlie. Bingwa aliyeshinda kila kitu hakuwa na haja ya kumngoja mtu wa 92, na hakuna kanuni iliyomlazimisha. Alitambua jambo ambalo watazamaji wengi hawakulitambua: kwamba huyu mtu, kwa dakika 47, alikuwa akipigana na mchezo uleule ambao yeye Dæhlie alizaliwa ndani yake, bila hata moja ya silaha zake.

Sasa tuje kwenye miaka ile ambayo haina picha.

Udhamini mkubwa ulikwisha. Angeweza kustaafu akiwa na simulizi tamu ya kuwaeleza wajukuu. Badala yake alirudi Eldoret akaendelea na mazoezi kwa skii za magurudumu, mbao fupi zenye vigurudumu ambazo wanaskii hutumia wakati wa kiangazi. Hebu mfikirie kwenye lami ya Kenya, kati ya matatu na malori, fimbo mkononi, akisukuma. Watu wa kwao walizoea kuona wakimbiaji asubuhi. Huyu alikuwa kiumbe kingine. Alikuwa na shamba na familia, na mchezo wake haukuwa na uwanja katika nchi yake wala kocha wala mwenzake wa kushindana naye.

Katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 alishiriki mbio fupi za kilomita 1.5, akawa wa 64. Nyuma yake alikuwepo Isaac Menyoli, Mkameruni aliyekuwa msanifu majengo Marekani na aliyeamua kushindana ili apate jukwaa la kuwazungumzia watu wa nchi yake kuhusu Ukimwi. Namtaja Menyoli kwa sababu Waafrika hawa wachache kwenye theluji kila mmoja alikuwa na jambo lake, na ni makosa kuwaweka wote katika kapu moja la vituko. Jambo la Boit lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: alitaka kuwa bora kuliko alivyokuwa Nagano.

Mwaka 2006 akaenda Torino. Alikuwa na miaka 34 sasa, na kwa mara ya tatu alikuwa mwanamichezo pekee wa Kenya, akibeba bendera mwenyewe katika sherehe za ufunguzi. Alikimbia kilomita 15 kwa mtindo wa kale, akamaliza, na nyuma yake walikuwapo wengine. Safari hii hakuwa peke yake kutoka pande zetu. Robel Teklemariam, mzaliwa wa Addis Ababa aliyehamia Marekani akiwa mtoto, alikuwa wa 84 katika mbio hizo na akawa Mwethiopia wa kwanza kwenye Michezo hiyo. Nchi mbili zilizogawana mbio za barabarani na uwanjani kwa miongo sasa zilikuwa na mtu mmoja mmoja kwenye njia ya theluji ya Pragelato. Hakuna aliyelitangaza sana.

Boit alijaribu kufuzu kwa Olimpiki ya Vancouver mwaka 2010, hakufuzu. Mwaka 2011, miaka 15 baada ya kuiona theluji, bado alikuwa anashindana, kwenye mashindano ya dunia ya Oslo, nchini kwa rafiki yake Dæhlie. Mtu anayefanya jambo kwa miaka 15 bila medali, bila mshahara wa maana na bila umati, huyo si mgeni tena katika jambo hilo. Ni mwanaskii.

Wapo watakaoniuliza kuhusu ubingwa wenyewe, kombe na medali. Damu ya Afrika Mashariki imeufikia huo pia, kwa njia nyingine. Johnny Oduya alizaliwa Stockholm tarehe 1 Oktoba 1981, baba Mkenya na mama Mswidi. Alikua katika nchi ambako viwanja vya barafu viko karibu na watu kama viwanja vya mpira vilivyo karibu na sisi, akawa beki wa hoki ya barafuni. Hakuchukuliwa kama lulu. Katika uteuzi wa vijana wa ligi ya Amerika Kaskazini, NHL, mwaka 2001, aliitwa wa 221, akalazimika kusubiri miaka mitano kabla ya kucheza ligi hiyo, mwaka 2006, na New Jersey Devils.

Mwaka 2013 alikuwa Chicago Blackhawks, kwenye fainali ya Kombe la Stanley dhidi ya Boston. Mchezo wa kwanza, Chicago wakiwa nyuma 3-2 katika kipindi cha mwisho, ni yeye aliyesawazisha. Timu yake ikashinda usiku ule baada ya nyongeza tatu. Mchezo wa sita, tarehe 24 Juni, Chicago walikuwa nyuma 2-1 zikiwa zimebaki dakika moja na ushee. Wakasawazisha. Baada ya sekunde 17 tu, Oduya akapiga mpira bapa wa hoki kutoka mbali, mwenzake Michael Frolík akaugusa, ukagonga mwamba, na Dave Bolland akaumalizia wavuni. Kombe likapatikana kwa shuti lililoanzia kwenye fimbo ya mtoto wa Mkenya. Mwaka 2014 akapata fedha ya Olimpiki na Uswidi huko Sochi, na mwaka 2015 akalinyanyua Kombe la Stanley mara ya pili. Nashangaa jinsi jina lake lilivyo geni kwa wasomaji wa Kiswahili, wakati tunajua wachezaji wa akiba wa timu za Ulaya hadi namba za jezi zao.

Linganisha watu hawa wawili uone mchezo unahitaji nini. Oduya alipata barafu mtaani, makocha na ligi za watoto. Boit alipata ndoto na tiketi ya ndege akiwa mtu mzima. Kati yao kuna Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, mwaka uleule wa Nagano, akahamia Austria na mama yake akiwa mdogo sana. Alijifunza kuteremka milima ya huko, akaamua kuivalia Kenya rangi zake, na mwaka 2018 huko PyeongChang akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa 38 katika mbio za kuteremka za super-G. Utoto kwenye theluji alikuwa nao. Alichokipigania miaka yote ni fedha. Nauli, kocha, mbao, nta, malazi: mchezo huu unakula mfuko wa mtu kabla haujala miguu yake.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, je? Kongo haikuwahi kupeleka mwanamichezo hata mmoja kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, tangu ya kwanza hadi ile ya Beijing mwaka 2022, nayo ikiwemo. Wala si kwamba hatujui baridi. Asubuhi za mvua, mtu aliye Goma huweza kuona kilele cha Karisimbi, mita 4,507, kimekuwa cheupe. Kaskazini zaidi, mpakani na Uganda, Ruwenzori ina barafu ya kudumu kwenye kilele cha Margherita, mita 5,109, ndani ya jimbo letu hilihili. Barafu hiyo inapungua mwaka hadi mwaka, na wazee wa upande wa Mutwanga wameiona ikirudi juu katika maisha yao.

Na mizani tunayo. Kijana wa chukudu anayetoka Kibumba na magunia ya viazi na kabichi, akiteremka kuelekea Goma juu ya ubao wa mti na magurudumu mawili, anaegemea kona, anakanyaga kipande cha tairi nyuma kupunguza mwendo, anajua uzito wake uwekwe wapi na wakati gani. Watoto wa Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, hutengeneza chukudu ndogo kabla hawajafikia umri wa kubeba mzigo. Sisemi wapelekwe Ufini kesho. Mradi wa Nike umetufundisha kwamba kumng'oa mtu mzima na kumpandikiza kwenye theluji ni kumpa vita ambayo nusu yake ameshashindwa.

Lakini wako watoto wetu ambao tayari wanaishi kwenye theluji. Vita vimewatoa watu Rutshuru, Masisi na Goma kwa miaka thelathini. Wamepita kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyangwali, Nyarugusu, Kakuma, na kutoka huko maelfu wamepata makazi mapya Marekani, Kanada, Norwei, Uswidi na Ufini. Watoto wao wanasoma shule ambako mwalimu wa michezo, ikifika Januari, anawatoa nje na skii au viatu vya barafu. Hao hawaanzi wakiwa na miaka 24. Wanaanza na sita, saba, utotoni kama Oduya.

Ninachosikia kutoka kwa jamaa walioko huko ni wazazi wanaoona mchezo huo ni wa wenyewe. Mtoto akiomba, anaambiwa atavunjika mguu, au kwamba ni gharama, au kwamba hakuna mtu mweusi kule. Hofu ya gharama naielewa kabisa. Ila shule nyingi na vilabu vya mitaa vya nchi hizo huazima vifaa vilivyotumika kwa watoto wanaoanza, na mzazi akiuliza mara nyingi huonyeshwa pa kuvipata. Na kuhusu mtu mweusi kwenye theluji, jibu liko Eldoret. Boit alikwenda wakati hapakuwa na mtu wa nchi yake wa kumfuata, akaanguka mbele ya dunia nzima, kisha akarudi mara mbili.

Basi wewe uliyeko Oslo, Tampere, Winnipeg au Minneapolis, uliyetoka Kalengera, Rugari au Kiwanja na unayesoma haya kwenye simu: mtoto wako akirudi kutoka shule na karatasi ya kujiandikisha kwenye klabu ya skii au ya hoki, itie sahihi. Na jioni hiyo mwonyeshe Philip Boit, umweleze habari zake zote, za Salt Lake City na za Torino pia.